Vitabu Viwili juu ya Kilio cha Mtoto

Mtoto mchanga akilia, kila mtu aliye karibu ana neno la kusema. Bibi yake asema ana njaa. Jirani asema tumbo lamsokota. Baba asema mtoto huyu amedekezwa, aachwe alie mpaka anyamaze mwenyewe. Maneno haya twayasikia kila siku, wala hatuyafikiri sana, lakini ndani ya kila moja mna fundisho juu ya asili ya mwanadamu: huyu adhani mtoto huongozwa na haja za mwili wake, na yule adhani huongozwa na mazoea aliyotiwa na watu pasipo wao kujua. Wataalamu wa saikolojia, ndiyo elimu ya nafsi na mwenendo wa watu, wamebishana juu ya jambo hili kwa muda wa miaka zaidi ya mia, nao wameandika vitabu vingi. Leo nataka kuvipima viwili tu. Kimoja kilitolewa New York mwaka 1928 na John B. Watson, juu ya utunzaji wa watoto wachanga. Cha pili kilitolewa Baltimore mwaka 1967 na Mary Ainsworth, juu ya watoto wachanga wa Uganda na jinsi upendo unavyokua ndani yao. Waandishi hao wawili, kila mmoja kwa zamani zake, walifundisha katika chuo kikuu kimoja, Johns Hopkins cha Baltimore, lakini mapatano yao yaishia hapo.

Sababu ya kuvichagua ni hii. Nimesikia wazazi waliosoma wakisema kwamba kumbeba mtoto mgongoni mchana kutwa, na kumnyonyesha kila aliapo, ni desturi za watu wasiojua, na kwamba ustaarabu ni kumlaza kitandani peke yake na kumzoeza saa. Wengi wao hawajui neno hilo lilitoka wapi. Si Bwana Watson peke yake aliyelisema, lakini hakuna aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Watson alizaliwa mwaka 1878 katika jimbo la South Carolina, Marekani. Mwaka 1913 aliandika makala iliyowashtua wenzake. Alisema elimu hii iache kabisa kuuliza habari za mawazo na dhamiri, kwa kuwa hakuna awezaye kuyatazama kwa macho. Iangalie mwenendo tu, yaani kinachompata mtu kutoka nje na lile alitendalo baada yake. Msaada wake mkubwa ulitoka Urusi, kwa Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya jinsi chakula kinavyosagika tumboni. Pavlov alikuwa ameona kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula, hatimaye mate humtoka kwa kuisikia sauti ile tu, hata chakula kisipokuwapo. Watson akajiuliza, ikiwa mbwa hufundishika hivi pasipo kujua, mtoto je?

Jawabu lake alilitoa mwaka 1920, pamoja na msaidizi wake Rosalie Rayner, nalo halipendezi kusimuliwa. Walimtwaa mtoto wa hospitali waliyemwita Albert, mwenye umri wa miezi kumi na mmoja, ambaye hakuogopa panya mweupe wala sungura wala mbwa. Kila alipotaka kumgusa yule panya, mtu alisimama nyuma yake akapiga upande wa chuma kwa nyundo, ukatoa kishindo. Baada ya mara saba mtoto alilia na kukimbia kwa kumwona panya tu, bila kishindo. Tena hofu ikaenea: akaogopa sungura, akaogopa mbwa, akaogopa na koti la manyoya. Aliondoka hospitalini kabla ya kuondolewa hofu hiyo, na leo hakuna chuo kitakachoruhusu jambo kama hilo litendwe.

Tusimdhulumu mtu. Katika habari hiyo mna kweli, na sisi tufundishao tungeifahamu kabla ya wengine. Mwalimu aingiaye na fimbo kila saa ya hesabu hafundishi hesabu. Afunga hofu na hesabu pamoja, kama kishindo kilivyofungwa na panya, na mtoto yule atatetemeka mbele ya hesabu hata akiwa mtu mzima mwenye duka lake. Watson mwenyewe aliyapinga mapigo. Na mwaka 1924 mwanamke mmoja wa njia yake, Mary Cover Jones, alionyesha kwamba hofu huweza kufunguliwa vilevile: mtoto aliyeitwa Peter alikuwa akiogopa sungura, naye alipewa chakula akipendacho huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo, hata mwisho akamchezea kwa mkono wake. Njia hiyo ingali ikitumiwa na waganga wa hofu mpaka leo. Kama Bwana Watson angaliandika kitabu juu ya hofu tu, ningalikisifu.

Walakini aliandika juu ya mama. Toka panya na nyundo aliruka moja kwa moja mpaka mapaja ya mzazi, na katikati hamna daraja. Asema kwamba upendo wa mtoto nao ni zoea tu, limetokana na kupapaswa ngozi, na kwamba mama ampakataye mno mwanawe amharibu, amfanya mtu dhaifu asiyeweza kazi wala ndoa. Kwa hiyo awaonya wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwabusu, wasiwapakate. Ikiwa hapana budi, wawabusu mara moja juu ya paji la uso wakati wa kulala, na asubuhi wawape mkono, kama mtu amsalimuvyo karani mwenzake. Kitabu alikitoa kwa heshima ya mama wa kwanza atakayelea mtoto mwenye furaha. Neno hilo lastahili kutazamwa mara mbili. Ni kama kwamba tangu dunia iumbwe hapajatokea hata mmoja!

Je, aliyajuaje hayo? Msomaji akitafuta ushahidi katika kitabu kile ataona vichekesho, ataona maonyo, ataona na mifano ya nyumba alizozitembelea. Lakini hataona watoto waliopakatwa wakilinganishwa na wasiopakatwa, wakafuatwa hata wakakua. Tena wakati ule alikuwa amekwisha acha chuo miaka minane, akafanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara, ambako watu hulipwa kwa kusema jambo kwa nguvu. Rosalie Rayner, aliyekuwa mkewe wakati huo, aliandika katika gazeti la wazazi mwaka 1930, na asomaye kwa makini aona kwamba moyo wake haukukubali yote. Na Watson mwenyewe mwaka 1936 alikiri kwa maandishi kwamba akijutia kitabu hicho, kwa kuwa hakuwa na maarifa ya kutosha alipokiandika. Ungamo hilo ni la heshima, lakini kitabu kilikuwa kimekwisha ingia nyumba nyingi, na ungamo halikukifuata huko.

Wengine watauliza, Je, wapinzani wake walisemaje? Mpinzani mkubwa wa siku zile alikuwa Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliyekufa London mwaka 1939. Yeye aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Watson alipokataza kuuliza habari za moyoni, Freud hakuuliza kitu kingine. Alisema mwenendo wetu hutawaliwa na tamaa na hofu zilizofichika hata kwa mwenyewe, na kwamba mizizi yake ni mambo ya utotoni. Lakini, ajabu, hawa wawili wasiopatana kwa lolote walikaribiana katika suala letu. Freud alisema mtoto hushikamana na mama kwanza kwa sababu ya titi limshibishalo. Na waliomfuata Watson walisema mtoto humpenda mama kwa kuwa uso wake umefungwa na maziwa, kama sauti ilivyofungwa na nyama ya mbwa. Kwa wote wawili mama ni ghala.

Fundisho hilo la ghala lilivunjwa na mambo mawili. La kwanza ni la huzuni. Mwaka 1945 tabibu René Spitz alichapisha habari za nyumba mbili. Katika moja walilelewa watoto wa wanawake wafungwa, nao mama zao waliwatunza wenyewe mle gerezani. Katika ya pili walikaa watoto walioachwa na wazazi. Walipewa chakula kizuri, palikuwa safi, lakini muuguzi mmoja alikuwa na watoto wanane hivi, na vitanda vilitengwa kwa mashuka ili maradhi yasienee. Wale wa gerezani wakanawiri. Wale wa nyumba safi wakadhoofika, wakanyamaza, na katika muda wa miaka miwili zaidi ya theluthi yao walikufa. Nyumba zile zilitofautiana kwa mengi, na wakosoaji wamelisema hilo. Hata hivyo maziwa yalikuwapo, na hayakutosha.

La pili lilitoka Wisconsin mwaka 1958, kwa Harry Harlow. Aliwapa watoto wa tumbili waliotengwa na mama zao sanamu mbili, moja ya waya na moja iliyovikwa kitambaa laini. Hata maziwa yalipowekwa kwa yule wa waya, watoto walimwendea kunyonya tu, kisha wakarudi upesi kumng'ang'ania yule wa kitambaa. Tumbili wale waliteseka, na tumejua kwa gharama yao jambo ambalo yaya yeyote angaliweza kutuambia.

Mwingereza John Bowlby, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa amekwisha kusanya habari kama zile za Spitz katika taarifa aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951. Baadaye alifundisha kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu, haja iliyo mbali na njaa, kwa kuwa kiumbe mdogo asiyekaa karibu na mkubwa wake huliwa. Kulia, kung'ang'ania, kufuata nyuma, si ubishi wala udekevu. Ni silaha za mnyonge. Fundisho lake lilibadili hata hospitali. Katika Uingereza ya siku zile mzazi aliweza kuzuiwa asimwone mwanawe mgonjwa ila kwa siku chache zilizowekwa, na mtoto aliyenyamaza kitandani alihesabiwa kuwa amezoea. Mwenzake Bowlby, James Robertson, alimpiga picha za sinema mtoto wa miaka miwili katika hali hiyo, akazionyesha mwaka 1952, na madaktari wengi wakakasirika. Mwaka 1959 kamati ya serikali ilishauri wazazi waruhusiwe kuingia. Basi msomaji asidhani mabishano haya ni ya vyuoni tu.

Sasa nafika kwa kitabu cha pili, na hapa napenda kukaa kidogo.

Mary Ainsworth alikuwa amefanya kazi na Bowlby London. Mwaka 1954 alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi huko katika taasisi ya uchunguzi wa jamii ya Afrika Mashariki. Akaanza kuzitembelea nyumba ishirini na sita za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na mji, zenye watoto wachanga ishirini na wanane. Alifika kila baada ya majuma mawili au karibu na hayo, akakaa muda wa saa mbili, pamoja na mkalimani wake, akitazama na kuuliza. Na kazi hiyo iliendelea miezi mingi. Alikuwa amekusudia kuona mtoto anavyoumia akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi yake, kama ilivyokuwa desturi ya kale. Alipofika aliona kwamba nyumba nyingi hazikuifuata tena desturi hiyo. Mwandishi mwingine angalilazimisha habari zimfuate. Yeye alibadili swali, akatazama yale yaliyokuwa mbele yake. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya kitabu hiki, na ndiyo inayokosekana kabisa katika kile cha Watson.

Aliona nini? Mtoto ajuaye kutambaa huondoka pajani, huenda kugusa kikapu au kuku mlangoni, kisha hutazama nyuma. Mama akiwapo, huendelea. Mama akisimama kutoka, huacha kila kitu na kumfuata. Basi mama si ghala la maziwa, ni kituo ambacho mtoto hutokea na kurudi. Na hapa neno la Watson lageuzwa juu chini: aliyesema mapaja huzaa uvivu hakutazama kwamba mtoto mwenye uhakika wa mapaja ndiye aendaye mbali zaidi sakafuni. Ainsworth aliwagawa wale ishirini na wanane. Kumi na sita waliambatana na mama kwa utulivu. Saba waliambatana naye lakini kwa wasiwasi, wakilia sana hata akiwapo. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kuambatana. Alipotafuta sababu, hakuona kwamba ni kunyonyesha kwa saa au pasipo saa, wala hakuona kwamba kuwa na wasaidizi wengi wa kumlea kulimwondolea mtoto utulivu. Aliona ni wingi wa malezi ya mama mwenyewe, na jambo jingine lililonipendeza sana: mama aliyeweza kumsimulia mgeni habari ndogo ndogo za mwanawe, jinsi anavyolala, kinachomchekesha, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, mtoto wake kwa kawaida alikuwa mtulivu. Kumjua mtoto huyu, si watoto wote.

Watoto ishirini na wanane ni wachache, na maneno ya mama yalipitia kwa mkalimani. Hizo ni aibu ndogo. Kasoro iliyo kubwa haimo katika kitabu chenyewe, imo katika yale yaliyokifuata. Ainsworth aliporudi Marekani alichunguza nyumba ishirini na sita za Baltimore, na kwa kuwa watoto wa huko hawakushtuka nyumbani mama atokapo, alitengeneza jaribio la chumba: mama na mtoto huingia pahali pageni penye vitu vya kuchezea, mgeni huingia, mama hutoka, hurudi, na yote huandikwa katika muda wa dakika ishirini hivi. Kwa kazi hiyo alipata mambo mema. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell waliandika kwamba mtoto aliyejibiwa upesi katika miezi ya kwanza hulia kidogo zaidi mwaka ukiendelea. Wafuasi wa mwenendo walipinga hesabu zile mwaka 1977, nao hawakusema upuzi wote. Lakini hata wao hawakurudi kwa Watson.

Lakini kile chumba kikawa kipimo cha ulimwengu wote. Katika Uganda yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba karibu watoto wote waliambatana pia na wengine, baba, bibi, ndugu wakubwa. Katika kile chumba hawa wote wametoweka. Amebaki mama, mtoto na mgeni. Sisi tusemao kwamba mkono mmoja haulei mwana twaona mara moja kilichopotea. Kipimo kilipopelekwa Ujerumani, katika mji wa Bielefeld, watoto wengi walionekana kama wasiojali. Kilipopelekwa Sapporo, Ujapani, wengi walionekana wenye wasiwasi mno. Ni watoto waliotofautiana hivyo, au ni chumba kilichokuwa kigeni zaidi kwa mtoto asiyewahi kuachwa hata dakika moja? Swali hili lingalizuka mapema kama watu wangalisoma kitabu cha Uganda kwa bidii waliyosoma nacho hesabu za Baltimore.

Mfano bora watoka Kenya, kwa Wakisii. Robert LeVine na wenzake waliowachunguza waliona kwamba mama wa Kikisii humwitikia upesi mtoto aliaye, lakini hazungumzi naye sana wala hamtazami usoni kwa muda mrefu; kwake kazi ya mwaka wa kwanza ni kumtuliza na kumlinda mtoto, wala si kuongea naye. Wachunguzi wengine, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, walioandika mwaka 1986, walipotumia kipimo cha kuondoka na kurudi kwa mama, walikuta jambo lisilokuwamo katika orodha ya Baltimore. Mtoto wa Kikisii amezoea kusalimiwa na wakubwa wake kwa kupewa mkono. Basi mama arudipo, mtoto mtulivu hakuruka ili akumbatiwe. Alinyosha mkono wake kwa hamu apewe mkono. Hapakuwa na budi kuuhesabu mkono ule ulionyoshwa kuwa sawa na kukumbatiana.

Hapa msomaji atakumbuka kwamba Watson naye aliamuru kupeana mkono. Tendo ni lile lile. Kwa Watson mkono ulitolewa ili mapaja yakatazwe. Kwa Wakisii mkono ni mlango wa mapaja. Mtu atazamaye mwenendo wa nje tu, kama alivyoagiza mwaka 1913, hana njia ya kuwatenga hawa wawili. Na mtu aliyebeba orodha iliyoandikwa katika mji mmoja angalimwandika yule mtoto wa Kikisii kuwa baridi wa moyo, kumbe ndiye mwenye furaha kuliko wote.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kitabu cha Watson na kisomwe na wale wapendao kujua maneno yetu ya siku hizi yalizaliwa wapi, hasa zile sura juu ya hofu. Kile cha Ainsworth na kisomwe na kila mwalimu na kila mkunga awezaye kukipata, lakini asianze na hesabu za kulinganisha. Aanze na zile habari za nyumba moja moja, mama mmoja mmoja na mtoto wake, ambazo mwandishi aliziandika kabla hajajua zitamwambia nini.